Bibi Harusi Aliyeota Ndevu

14 Juni

Leo nimepanda mbegu za baba. Naanza kuandika nikiwa na hasira, na nadhani nitamaliza nazo, kwa hiyo bora zikae kwenye karatasi kuliko kumwangukia mama.

Chanzo ni Afande Thawin. Asubuhi nilipopeleka chakula cha watawa hekaluni nilimkuta amesimama na mwenyekiti wa kijiji, anamwonyesha kwenye simu kwamba amejiandikisha kupanda bangi. Haki anayo. Wiki iliyopita serikali imeitoa bangi kwenye dawa za kulevya, na sasa anayetaka anapanda. Lakini huyu ndiye aliyekuja shambani kwetu na lori la polisi, mimi nikiwa bado na sare ya shule, akafyeka bangi ya baba yote, akambebesha mzigo wake kichwani ili apigwe picha nao, kisha akampeleka ndani. Baba alikaa gerezani miaka mitatu. Alirudi na kifua kibovu, akaenda nacho hivyo hivyo mpaka alipokufa, tukauchoma mwili wake hekaluni. Leo yule yule Afande, amestaafu, ana kofia ya majani, anasema kwa upole, "Ni mmea wa dawa, mwenyekiti. Wazee wetu walijua."

Wazee wetu. Nilitamani kumtupia kikapu cha wali usoni, ila wali ulikuwa wa watawa.

Mbegu nimezitoa kwenye chungu cha mama cha pilipili. Baada ya gereza baba alipanda michache tu kila mwaka, imejificha katikati ya pilipili, mpaka mwaka aliokufa. Mama aliponiona nimezishika kiganjani hakusema neno. Aligeukia mapipa yake ya nili akaendelea kuchovya nguo.

15 Juni

Niandike nia yangu vizuri, nisije nikajisahau. Bangi ya baba ni ndefu kama mwanzi, vichala vyake vyembamba kama mkia wa kuchakulo, harufu yake tamu kuliko zote. Kasoro yake ni kuchelewa. Haikomai mpaka baridi ikolee, na mvua za mwisho huiozesha ikiwa imesimama. Kwa hiyo nimenunua mbegu za aina nyingine dukani mjini, fupi, ya kukomaa mapema. Nitalitwaa dume la fupi nilipandishe kwenye jike la baba, nipate mtoto mwenye harufu ya mama yake na haraka ya baba yake.

Sijawahi kufanya kitu kama hiki. Nimekaa miaka kiwandani pwani nikijaza samaki kwenye makopo, mume akaniacha, nikarudi nyumbani. Lakini ng'ombe tunapandisha, na jogoo tunachagua. Hili litanishinda kwa nini?

Shamba ni letu wawili, mimi na dada yangu Lamduan. Yeye anataka mihogo kama majirani wote. Nimembembeleza anipe msimu mmoja. "Mmoja," alisema. "Ukifeli, Chanthima, naleta trekta, na usinililie."

21 Juni

Zimeota.

5 Julai

Mvua. Konokono wamekula mistari miwili. Lamduan alipita akasema mihogo haina matatizo hayo.

19 Julai

Mama hapiti shambani. Akienda kwa mfumaji mwenzake anazunguka kwa barabara kubwa, na miguu yake ile mibovu, ili mradi asikanyage kijia cha katikati ya bangi. Nimemuuliza kulikoni, akasema barabarani kumekauka. Barabarani kulikuwa na tope la magotini. Ananionea aibu. Mjane mwenye heshima, binti mtalikiwa, na shamba la bangi mlangoni. Basi aone aibu. Aibu hiyo angemwonea aliyemfunga mumewe, anayemwamkia kwa mikono miwili kila wakikutana hekaluni.

10 Agosti

Afande Thawin alikuja mpaka kwenye mtaro unaogawa shamba lake na letu. Lake liko upande wa kusini, chini kidogo. Akaniuliza madume nitayang'oa lini.

"Wewe ndiye fundi wa kung'oa," nikamwambia.

"Nauliza kwa sababu tunapakana. Dume moja likichanua, chavua yake inaharibu majike ya wote. Yakishika mbegu, hakuna mnunuzi."

"Hata na baba ulipakana."

Alitazama maji ya mtaro kwa muda, akaondoka. Nilijisikia vizuri mpaka jioni.

3 Septemba

Yameanza kujionyesha. Dume linatoa vijipira vidogo vinavyoning'inia kama zabibu changa, na jike linatoa nywele mbili nyeupe, nyembamba kabisa, mahali tawi linapokutana na shina. Nimekuwa nikipita nimeinama mpaka mgongo unalia. Madume yote nimeyang'oa na kuyachoma. Nimebakiza moja la fupi, nikalihamishia nyuma ya nyumba na kulifunika kwa chandarua.

Katika majike ya baba kuna moja lililoniteka moyo. Liko mstari wa juu karibu na barabara. Limenyooka, limejaa matawi, na ukilisugua jani mkono unanukia embe bichi na pilipili manga. Nimelipa jina Bibi Harusi. Huyu ndiye mama wa mbegu zangu.

16 Septemba

Watu wa halmashauri wamekuja kusimamisha taa kwenye kona ya barabara. Inamulika mistari yangu ya juu usiku kucha. Nilikwenda ofisini kwao kueleza kwamba mimea hii inahitaji giza ili ichanue vizuri. Kijana wa pale mezani alicheka akasema ndiyo mara yake ya kwanza kusikia mtu anakataa maendeleo kwa sababu bangi yake haipati usingizi. Wote wakacheka. Nilirudi nikiendesha pikipiki kama mtu anayefukuzwa.

29 Septemba

Dhoruba tangu jana. Maji yamefika kwenye ngazi za nyumba. Siandiki.

1 Oktoba

Majike mengi yamelala. Lamduan alikuja bila kuitwa, na mumewe na mianzi, tukayainua moja moja na kuyafunga. Hakutaja mihogo hata mara moja. Mikono yake ilikuwa inatoka damu alipoondoka. Namwandika hapa kwa sababu nimemwandika vibaya huko juu.

Bibi Harusi amevunjika tawi moja tu.

7 Oktoba

Leo nimefungisha ndoa. Chavua ya dume la chandaruani niliikung'utia kwenye karatasi, nikapanda ngazi, Lamduan akaishika chini, nikaipaka kwa brashi kwenye tawi moja tu la Bibi Harusi, nikalifunga uzi mwekundu. Tawi hilo litazaa mbegu. Matawi mengine yote, na shamba zima, yabaki bila mbegu, niyauze.

"Mahari imelipwa?" Lamduan aliuliza kutoka chini.

"Kwa samadi ya ng'ombe wako."

"Basi binti kauzwa rahisi, kama mdogo wangu."

Nilicheka mpaka ngazi ikayumba. Kisha dume nikalitia kwenye gunia lililolowa maji nikalizika.

20 Oktoba

Vichala vinanenepa. Mnunuzi wa duka la mjini, mama mmoja anaitwa Rattikan, amepiga simu. Atakuja mwenyewe kuona.

27 Oktoba

Sitaki kuandika haya, lakini nitaandika.

Asubuhi nilikwenda kuangalia tawi la uzi mwekundu. Mbegu zipo, zimevimba vizuri, nikafurahi. Nikagusa tawi la pili lisilo na uzi. Mbegu. La tatu. Mbegu. Nikaenda mti unaofuata, nikapasua kichala kwa kucha: mbegu, mbichi, nyeupe kama chawa. Nikakimbia mstari wa chini. Huko nako zipo. Shamba zima limeshika mimba.

Nikakaa chini kwenye tope. Dume langu lilikuwa moja, chini ya chandarua, na nimelizika. Mimi mwenyewe nilikuwa nakagua mpaka mwezi wa tisa unaisha, na nywele ni nyeupe kila mahali. Chavua imetoka wapi?

Nikainua kichwa nikaona kofia ya majani inatembea ng'ambo ya mtaro, taratibu, kama mwenye bustani yake ya starehe. Hapo nikapata jibu langu. Ameacha madume yake yachanue. Amekuja mwezi wa nane kuniuliza habari za madume ili baadaye aseme alionya. Alimmaliza baba kwa panga, na mimi ananimaliza kwa vumbi.

Nilimwambia mama. Alikuwa anakamua kitambaa, maji ya buluu yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Alisema, "Pole, mwanangu," na hakuniangalia.

30 Oktoba

Rattikan kutoka dukani amekuja na gari lake jeupe. Alichukua kichala, akakifikicha, mbegu zikamwagika kwenye kiganja. "Dada, hiki ni chakula cha ndege," akasema. Hakusema kwa ubaya. Amekwenda moja kwa moja kwa Afande Thawin. Niliona gari lake limeegeshwa pale mpaka saa sita.

6 Novemba

Jana ilikuwa sherehe ya kuwavisha watawa majoho mapya, kijiji kizima kimejaa uwanjani kwa hekalu, na mimi nimefanya nilichofanya.

Afande Thawin alikuwa mstari wa mbele, amebeba sinia la joho kichwani. Kichwani, kama alivyombebesha baba. Sijui kama ndicho kilichonipandisha hasira. Nilimsogelea nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, kwamba huyu anayebeba joho takatifu ameacha madume yake makusudi kuniharibia, kwamba ukoo wetu yeye ndiye donda lake, alianza na baba na sasa amefika kwangu.

Ngoma zikanyamaza.

"Sijaacha dume hata moja," akasema.

"Mwongo. Ulizoea kuandika uongo kituoni, unafikiri hata hapa kuna mtu wa kupiga mhuri."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwenyekiti akanishika mkono nikamsukuma. Afande aliteremsha sinia, akalikabidhi kwa mkewe, akanijibu polepole, "Njoo uangalie shamba langu. Njoo na shahidi umtakaye."

Nikamwambia shambani kwake sikanyagi. Ndipo wale wanawake wa kikundi cha dawa za asili, ambao mwezi mzima wamekuwa wakinunua majani kwa Afande, wakaanza kusema kwamba nina kichaa cha talaka. Lamduan akainuka mahali alipokuwa amekaa na watoto wake. Nilidhani anakuja kunivuta nyumbani. Akasimama kati yangu na wao.

"Mpumbavu ni wangu," akawaambia. "Nitamtukana mimi mwenyewe."

Akanitukana kweli, njia nzima mpaka nyumbani. Lakini pale uwanjani alisimama.

7 Novemba

Lamduan amekuja alfajiri. Anasema kama Afande anasema kweli nimemvunjia heshima mtu mbele ya watawa, na kama anasema uongo basi inafaa tuone wenyewe ili twende kwa mwenyekiti na ushahidi. "Kesho tunakwenda. Mimi ndiye shahidi." Nimekubali kwa sababu nina hakika.

8 Novemba

Hakika yangu ilidumu mpaka ng'ambo ya mtaro.

Afande alitupitisha mstari kwa mstari. Hakuna dume. Mashimo ya alikoyang'oa yapo, mahali pa kuyachomea papo. Katikati ya shamba vichala vyake havina mbegu hata moja, nilivipasua kwa hasira kimoja baada ya kingine, naye aliniacha nivipasue. Kisha akatupeleka ukingoni, mistari inayopakana na yetu, akasema, "Hapa sasa."

Nikapasua. Mbegu.

"Upepo wa baridi umeanza mapema mwaka huu," alisema. "Unashuka kutoka kaskazini. Unatoka kwako kuja kwangu. Haujawahi kutoka kwangu kwenda kwako."

Lamduan aliniangalia. Kila aliyezaliwa chini ya milima hii anajua upepo wa Novemba unatoka wapi. Hata mimi najua. Nilikuwa najua uwanjani, mdomo ukiwa wazi.

"Uliona lini?" Lamduan alimuuliza.

"Kabla ya sherehe. Wiki moja kabla."

"Na hukusema."

"Ningesema nini, mimi, kwa binti wa Khamsing?" Alimtaja baba kwa jina.

Tulipogeuka kuondoka aliniita. Akaniuliza kitu kimoja. Alisema bangi ya baba aliifyeka kwa mkono wake mwenyewe, akaifunga mizigo na kuipima, na haikuwa na mbegu hata moja. Shamba zima, aina ile ile. "Alifanyaje?" akauliza. "Maana ya kwako imegeuka."

Nikamuuliza imegeuka maana yake nini. Akasema nikaangalie ndani ya vichala.

Nilianzia kwa Bibi Harusi. Nilipanda ngazi nikafunua kichala cha juu, cha upande wa taa ya barabarani, na katikati ya nywele za kike niliona kitu cha njano kimechomoza, kama kindizi kidogo kisichozidi punje ya mpunga. Nikakigusa. Kidole kikawa na vumbi la njano. Cha pili kilikuwa navyo vitatu. Jike langu, mchumba wangu, niliyemfunga uzi, limekuwa huntha, jike na dume kwa pamoja. Limejioa lenyewe, likaoa shamba zima, na salio likampelekea Afande.

Lamduan alikuwa chini ya ngazi. Nikamwonyesha kidole. Akakikagua, akasema, "Bibi harusi kaota ndevu." Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa kwenye kitanda cha kufumia, chini ya nyumba, kati ya nguzo. Nikamuuliza baba alifanyaje, hata bangi yake isiwe na mbegu.

Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio.

"Kila asubuhi alipita mti kwa mti," alisema. "Kabla jua halijapanda. Anaingiza kidole kwenye kila kichala. Akikuta kitu cha njano anakinyofoa, anakitia kwenye bakuli la maji. Mti ukizidi kuvitoa anaung'oa mzima. Hii ya kwetu ndivyo ilivyo. Jike likikaa sana bila dume, au likitishwa na dhoruba, linajitafutia lenyewe."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu nilipozitoa mbegu kwenye chungu."

"Tangu hapo."

"Na hukuniambia kwa nini?"

"Nilitaka ife," mama akasema.

Aliacha uzi akageuka kunitazama, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Mikono yake ya buluu ilikuwa mapajani. Sijapata kumsikia mama akisema maneno mengi namna ile. Alisema mimi nilipata baba aliyefungwa, nikamlilia, watu wakanionea huruma. Yeye alipata watoto wawili na mapipa ya nili, na kila siku ya kutembelea gereza alipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, ili akakae mbele ya mtu anayeuliza kama pilipili zinaendelea vizuri, na wote wawili wanajua kwamba anaulizia bangi. Alimwomba aache kabla ya polisi. Alimwomba aache baada ya gereza. "Kidole chake kiligusa majani kila asubuhi ya Mungu," alisema. "Mimi nilikuwa nalala nasikia anaondoka. Halafu wewe umerudi kwangu, umeachwa, nikasema basi, nitakaa na mwanangu tuzeeke. Ukaja na kiganja kimejaa mbegu zile zile. Nikasema sitaitia sumu, sitaing'oa. Nitanyamaza tu, ijimalize."

"Kwa nini basi ulizitunza?"

"Alizitia yeye kwenye chungu. Kuzitupa nilishindwa."

Nilimwambia kwamba nimemwita mtu mwongo mbele ya watawa kwa sababu ya kunyamaza kwake. Akasema, "Mdomo ulikuwa wako."

9 Novemba

Sikusema naye. Wala yeye.

10 Novemba

Sisemi naye. Nimepita shamba zima alfajiri na bakuli la maji. Mkono wangu unanuka. Yamegeuka karibu yote. Napapasa na kutukana, napapasa na kutukana.

13 Novemba

Sokoni mwuza samaki wa kuvundika ameniuliza kama yule jikedume wangu ameshapata mtoto wa pili. Watu walicheka, na mwanamke wa kachumbari ya papai akaongeza kwamba nimlete ampe viti vya harusi. Nilinunua samaki. Nilitoa shukrani. Nilipofika nyumbani nikavunja sahani.

Mbegu za uzi mwekundu hazina maana tena. Hata kama nyingine ni za dume langu, nyingine ni za Bibi Harusi na nafsi yake, na mtoto wa huntha atageuka kama mzazi. Hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha. Msimu mzima, na sina hata mbegu moja ninayoweza kuapia.

17 Novemba

Nimekwenda kwa Afande Thawin. Lamduan alitaka kunisindikiza nikakataa. Nilimkuta anafyeka ile mistari ya ukingoni niliyomharibia.

Nilisema nilichokuwa nimejifunza njiani. "Nimekuja kuomba radhi kwa mbegu zilizoingia kwako, na kwa kukuita mwongo mbele ya watu. Kwa habari ya baba sijaja kuomba wala kutoa."

Aliendelea kufyeka mpaka akamaliza mti aliokuwa nao. Kisha akasema bila kuinua uso, "Ile picha ilikuwa amri ya mkubwa wangu. Kumbebesha mzigo kichwani ilikuwa akili yangu mwenyewe."

Basi. Akahamia mti mwingine.

Nilisimama pale kama mjinga. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa akane. Nina majibu ya kila namna atakavyokana, nimeyanoa tangu shuleni. Mtu akikubali, hasira inakosa pa kushika. Lakini haifi. Nimerudi nayo yote, nzito kuliko nilivyokwenda nayo, na nimekosa pa kuitua.

Watu wananiambia nimefanya vizuri. Mwenyekiti mwenyewe kanipongeza. Nimemwambia ajipongeze yeye, aliyekaa meza moja na polisi huyo miaka yote na hakumwuliza kitu.

25 Novemba

Bibi Harusi nimemng'oa leo. Mizizi yake ilikuwa na afya kuliko yangu.

2 Desemba

Kuna mti mmoja haujageuka.

Nimepapasa tangu siku ile, kila kichala, na huu sijaukuta na hata kindizi kimoja. Uko pembeni karibu na uzio, dhoruba iliupinda na mimi nilisahau kuufunga, ukaota umeinama. Sikuwahi kuupenda. Naufahamu kwa sababu naupitia mwisho nikiwa nimechoka. Taa imeumulika, dhoruba imeupiga, na bado ni jike kama ulivyozaliwa. Mbegu zake zina baba mbaya, hizo siziamini. Lakini tawi ni mwili wa mti wenyewe. Nimekata matawi machanga ya chini, nikayachomeka kwenye mifuko ya udongo, nikayapanga chini ya nyumba.

Mama alikuwa anafuma umbali wa mikono miwili. Kanyagio lilikwenda taka-taka, taka-taka, halikusimama.

19 Desemba

Matawi mengine yamekauka, mengine yametoa mizizi. Baridi kali.

Lamduan alikuja kuhusu shamba. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, nilimwona anavyokaza kanga yake ya kiunoni kabla ya kupanda ngazi. Nikamwambia alete trekta.

"Hutalia?"

"Nitalia. Lete tu."

Akakaa. Akasema anaweza kungoja mwaka mmoja zaidi, nikitaka. Nikamwambia sitaki aningoje. Tulikubaliana msimu mmoja, na nikibaki na shamba lile nitasimama kila siku natazama ng'ambo ya mtaro. Mifuko ninayo. Nitaanza na ua wa nyuma, mahali ninapoweza kuupapasa kila mti kabla ya chai. Akasema mimi ni mkaidi kama marehemu, na kwamba hiyo si sifa.

5 Januari

Trekta limekuja asubuhi. Lilianzia mistari ya juu. Mabua yalivunjika kwa sauti kama kuni, na harufu ikafika mpaka hekaluni, watu wakatoka majumbani kuangalia.

Mama naye alitoka. Alishuka ngazi, akavuka barabara, akaenda kusimama kwenye kijia cha katikati, kile ambacho hakukikanyaga msimu wote. Nilidhani amekuja kufurahi. Alitaka ife, na sasa inakufa, tena kwa dizeli ya binti yake mkubwa. Kisha nikaona mabega yake. Alilia amesimama, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau kwamba analia. Hata siku ya kumchoma baba hakulia hivyo. Lamduan alinifanyia ishara niende nimshike. Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikapika wali.

Alipokuja nilimsogezea kikapu na bakuli la supu. Tulikula. Tulikuwa hatujala sahani moja tangu Novemba. Alifinyanga tonge lake, akalichovya, akalitafuna mpaka likaisha.

"Ile ya kwenye mifuko," akasema. "Unaitazama kila siku?"

"Naitazama."

"Kutazama hakutoshi. Macho yanadanganya, vile vidogo vinajificha chini ya jani. Ni kidole."

"Napapasa kwa kidole."

"Unapapasa vibaya. Nimekuwa nikikuona. Unafinya."

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na lolote kati yake lingemfanya ainuke aende kwenye mapipa yake asirudi tena.

Alinawa mikono. Buluu haikutoka, haitoki kamwe. Akashuka ngazi akishika ukuta, akainama kwenye mfuko wa kwanza, akaniita kwa jina langu la utotoni.

Nilimfuata. Sijamsamehe, lakini nilimfuata.